Nani Atauliza Uko Wapi?

(Mazungumzo haya niliyatoa mbele ya vijana Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri. Wengi mliomba maandishi. Nimeyaacha karibu vile vile nilivyosema.)



Nianze na swali, na msinijibu kwa sauti. Hebu toa simu yako, uhesabu makundi uliyomo. Mimi nilihesabu jana usiku nikapata 41. Arobaini na moja, wallahi! Kuna la waliomaliza shule pamoja, kuna la harusi ya mtu ambaye sasa ana watoto wawili, la mtaa, la darsa, la mpira, na lile la mchango wa matanga ya mwaka juzi ambalo hakuna anayetoka manake kila mtu anaona haya kuwa wa kwanza. Sasa swali lenyewe ni hili. Ukinyamaza katika makundi yako yote kuanzia leo usiku, itakuwa siku ya ngapi kabla mtu aandike, "Fulani yuko wapi?"

Katika 41 yangu nilipata matatu. Na moja katika hayo matatu ni la nyumbani kwetu, ambalo halihesabiki, manake mamangu huuliza hata nikichelewa saa moja.

Wazee wetu wana neno lao juu ya jambo hili. Wanasema nyinyi vijana mmepotea kwenye simu, watu wenu wa kweli wako hapa mtaani na nyinyi mnakaa mkicheka na skrini. Nimekulia maneno hayo, na siyakubali yote. Kijana hakimbilii mtandaoni kwa kuwa amechoka na watu. Mara nyingi amekimbilia huko kwa kuwa hapa alipo hakuna anayemuuliza kitu. Msichana anayependa hesabu na nyumba nzima inamuona ana kichaa. Kijana aliyesilimu juzi, msikitini wanampa mkono siku ya kwanza, wiki ya tatu hakuna anayejua jina lake. Mtoto wa Mandera aliyeletwa chuo Nairobi, kila akifungua mdomo anaulizwa kitambulisho. Watu hawa wakipata kundi la watu 30 wanaowaelewa, tuwaambie si watu wa kweli?

Kuna kisa kimoja cha Norwei ambacho wengi hamkijui, na mzazi yeyote anayesema simu ni upotevu ningependa akisikie. Alikuwako kijana akiitwa Mats Steen. Alizaliwa na ugonjwa wa misuli unaoitwa Duchenne, ule unaokula nguvu za mwili kidogo kidogo. Miaka yake ya mwisho alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, anaweza kusogeza vidole tu, na saa nyingi za siku zake alikuwa akicheza mchezo wa kompyuta unaoitwa World of Warcraft. Alifariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Wazazi wake walikuwa na huzuni mbili. Ya kwanza ni ya kumzika mtoto. Ya pili ni kwamba waliamini mtoto wao ameondoka duniani bila rafiki, bila kupendwa, bila kumfaa mtu.

Babake alikuwa na neno la siri la blogu ya Mats. Akaandika pale kwamba mwanangu amefariki, akaacha anwani yake ya baruapepe. Basi barua zikaanza kuingia. Moja, ya pili, zikawa nyingi, kutoka nchi mbalimbali. Kumbe ndani ya ule mchezo Mats alikuwa mtu. Alikuwa na jina, Ibelin, alikuwa katika kikosi cha wachezaji kinachoitwa Starlight, na watu walikuwa wakimwendea na shida zao. Kuna mama aliyeshindwa kuongea na mwanawe, wakiishi nyumba moja, na Mats ndiye aliyewaonyesha njia ya kukutana. Wachache katika wenzake walisafiri mpaka Norwei kumzika mtu ambaye hawakuwahi kumuona uso kwa uso. Mwaka 2024 ikatoka filamu juu ya maisha yake, The Remarkable Life of Ibelin.

Mimi nilipoijua habari hii, kilichonishika si wale waliosafiri. Ni yule baba. Alikuwa karibu naye. Miaka yote ile alikuwa akimuona mwanawe akicheza, na akidhani anaona upweke.

Lakini hapo ni mbali, ni Norwei, na mambo ya michezo ya kompyuta. Niwarudishe nyumbani.

Nina dadangu, mtoto wa mamangu mdogo, ambaye aliondoka Kisauni kwenda Saudia kufanya kazi ya nyumba. Kadama, kama wanavyowaita. Hapa nadhani hakuna nyumba isiyokuwa na mtu wake kule, kwa hivyo sihitaji kueleza mengi. Ajenti anakupeleka, kafili anakupokea, ikama yako iko kwa kafili, pasipoti yako pia mara nyingi iko kwake, na simu yako iko mkononi mwako mpaka siku atakapoamua isiwe. Mwaka 2021 Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilisema Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudia katika muda wa miaka miwili, na zaidi ya nusu ni wafanyakazi wa nyumbani. Nambari hiyo ilipita kwenye taarifa, ikaisha. Kwa mama mdogo haikuisha. Alikuwa akiamka usiku kuangalia kama mtoto "ameonekana mtandaoni" saa ngapi.

Sasa dadangu alipofika Riyadh, wiki ya kwanza alilia. Wiki ya pili, dada mmoja aliyekutana naye kwa ajenti akamuingiza kwenye kundi. Lilikuwa na wanawake kama 60, wengine Riyadh, wengine Dammam, wengine Jeddah. Na nataka msikilize namna walivyomuingiza. Hakuna aliyempa tu kiungo akabonyeza. Admini alimpigia kwanza. Akamwambia, nipe jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Nipe mtaa unaokaa, na ukiweza tuma ramani ya mahali. Nipe picha ya mkataba wako. Nipe nambari ya mtu wa nyumbani, na huyo mtu umwambie kuwa sisi tupo. Akishatoa hayo yote ndipo akaingizwa.

Halafu akaambiwa sheria. Kila usiku, bosi akishalala, tuma nukta. Nukta moja tu, ile ya mwisho wa sentensi. Usitume sauti, manake nyumba ina masikio. Usitume maneno mengi kama huna nafasi. Nukta inatosha. Usiku mmoja ukikosa, tunasema labda wageni walikuwa wengi, umelala kama gunia. Usiku wa pili ukikosa, admini anapiga. Usiku wa tatu, tunapiga nyumbani kwenu.

Nikamwambia, hiyo si grupu, hiyo ni rejista ya shule. Akacheka. Akasema, "Wewe hujawahi kuwa mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja anayejua jina lako lote."

Mwezi wa tano bosi akamnyang'anya simu. Hakuiba, hakuvunja kitu, simu tu ilichukuliwa. Usiku wa kwanza hakuna nukta. Usiku wa pili hakuna. Siku ya tatu asubuhi mama mdogo akapigiwa na mwanamke asiyemjua, sauti ya kutoka Machakos, akamwambia, "Mama, mimi niko na msichana wako kwenye kundi, usishtuke, lakini hatujamuona." Wakati huo sisi familia tulikuwa tunapiga kwa ajenti na hashiki. Wale wanawake wakagawana kazi: huyu amwandikie ajenti, huyu apige ubalozini Riyadh, huyu aliye karibu na mtaa ule amuulize dereva anayepeleka watoto shule kama anaijua ile nyumba. Ajenti ambaye sisi hakutushikia simu siku tatu, aliposongwa na jumbe za wanawake 40 kwa siku moja, akashika. Siku ya sita dadangu akarudishiwa simu. Hakupigwa, alhamdulillah. Alimaliza mkataba wake akarudi.

Sisemi kundi lile lilikuwa la malaika. Walisengenyana. Kuna siku uvumi ulizuka kwamba mwenzao mmoja amefariki, watu wakalia usiku mzima, kumbe amehama mji na laini imebadilika. Na kuna mmoja ambaye walimtafuta kweli, kwa njia zote, na nukta yake haikurudi. Walichanga. Mwili ulichukua wiki nyingi kufika nyumbani kwao. Dadangu mpaka leo akifika hapo kwenye hadithi huinuka kwenda kuangalia chai.

Jambo moja alilolisema dadangu lilinichoma, nalileta kwenu kama lilivyo. Yule admini wa Machakos ni Mkristo. Wengi mle ndani walikuwa Wakristo. Ramadhani walikuwa wakimuamsha daku kwa kumpigia mara moja na kukata. Dadangu akaniambia, "Nilikuwa nchi ya Kiislamu, nyumba ya Kiislamu, na aliyekuwa akiniamsha daku ni Mkamba anayeimba kwaya." Nikakosa la kusema.

Manake sisi tunalo jambo hili katika dini yetu, tena la zamani. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra kisa cha mwanamke mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Mapokezi mengine yana shaka kama alikuwa mwanamke ama kijana. Mtu huyo Mtume akamkosa. Zingatieni neno hilo: alimkosa. Hakuwa khatibu, hakuwa tajiri, hakuwa na wafuasi elfu kumi. Alikuwa mfagiaji. Mtume akauliza yuko wapi, akaambiwa amefariki, na kwamba wamekwisha kumzika. Akawauliza mbona hamkunijulisha. Ni kama masahaba waliliona jambo lake ni dogo. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda, akamsalia.

Sasa nije upande wa pili, ambao ni lazima niuseme, manake najua kuna wazazi watasoma haya. Si kila anayekuuliza uko wapi anakutakia kheri. Mwindaji naye anauliza. Tena anauliza vizuri kushinda rafiki! Anajua saa unayoamka, anajua umegombana na babako, anakutumia bando. Pwani yetu na Kaskazini Mashariki tunao vijana waliotoka nyumbani bila kuaga, na mwanzo wa safari ulikuwa mtu anayewaelewa sana, kwenye simu. Tunao walioitwa kazi ya kompyuta Thailand, kwa ujumbe mtamu wenye picha za ofisi nzuri, wakajikuta Myanmar wamefungiwa wakilazimishwa kutapeli watu. Tunao wasichana waliotuma picha moja kwa mtu aliyewaambia "wewe ni tofauti na wengine," na ile picha ikawa kamba shingoni.

Utamjuaje? Mimi nina alama moja tu, nimeitoa kwa yule admini wa Machakos. Yeye kitu cha kwanza alichotaka ni nambari ya nyumbani. Mwindaji kitu cha kwanza anachotaka ni nyumbani wasijue. "Haya yabaki kati yetu." "Mamako hataelewa." "Wale wa msikitini kwenu wamelala." Mtu akitaka kuwa yeye peke yake anayekuuliza, mkimbie, hata kama anazungumza kwa aya na hadithi. Hasa kama anazungumza kwa aya na hadithi.

Sasa nimefika mahali pagumu, nivumilieni.

Juni 2024 mliona wenyewe. Vijana wa nchi hii, wengi wenu mlikuwemo, walikaa TikTok na X wakifafanuliana Mswada wa Fedha kwa lugha za mama zao. Hawakujuana. Walisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Tarehe 25 waliingia barabarani, tarehe 26 Rais akasema hatautia saini mswada ule. Wengine hawakurudi nyumbani kwao, Allah awarehemu. Na mwisho wa mwaka ule, Desemba, vijana walipochukuliwa kwa sababu ya vibonzo na maneno waliyoyaweka mtandaoni, picha zao zilizunguka kila siku: yuko wapi huyu, yuko wapi yule. Januari 2025 kadhaa wakaachiliwa. Mimi nilikuwa katika waliokuwa wakisambaza zile picha. Nilijisikia ni mmoja wa watu. Raha ile siwezi kuikana.

Halafu usiku mmoja nikamkumbuka mtu.

Miaka kama kumi nyuma, nilikuwa admini wa kundi la vijana wa mtaa wetu. Siku zile watu walikuwa wakichukuliwa huku kwetu. Gari inakuja usiku, mtu anaingizwa, na asubuhi kila kituo cha polisi kinasema hapa hayupo. Mnajua, na hii harakati mnayoifuata inajua kuliko mimi. Basi akachukuliwa kijana wa mtaa, na nduguye mdogo alikuwa kwenye kundi letu. Saa kumi na moja alfajiri akaandika, "Jamani kaka amechukuliwa, kuna mtu ameona gari?" Akaweka na picha.

Watu waliona.  Hakuna aliyejibu. Mmoja akaniandikia pembeni, "Admini, mnyamazishe, tusije tukaletewa shida sote." Na mwingine akaandika lile neno ambalo tulikuwa tukilisema siku zile: kama amechukuliwa, lazima kuna kitu alifanya.

Nikamnyamazisha. Mimi, kwa kidole hiki. Nikaandika, "Tafadhali kundi hili ni la mambo ya vijana na michezo." Yule mdogo hakugomba. Ilitokea tu ile mistari midogo ya kijivu: fulani ametoka. Na sisi tukaendelea na fainali ya Jumapili.

Kakake hajapatikana mpaka leo.

Baada ya Januari ile nilimtafuta. Ana duka la vipuri vya pikipiki sasa. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, na ningestahili. Alinipa kiti, akaagiza soda. Nikamuomba msamaha. Alikaa kimya muda, akifuta mafuta mikononi, kisha akasema, "Sikutaka mje kituoni. Nilijua mnaogopa, hata mimi nilikuwa naogopa. Nilitaka tu mmoja aandike kwamba ameona." Halafu mteja akaja akitaka breki, akamhudumia, na hatukurudi tena kwenye maneno yale. Kama amenisamehe sijui. Sikumuuliza mara ya pili.

Nilipomaliza kusema haya siku ile, kijana mmoja nyuma aliinua mkono akaniuliza, "Kwa hivyo nitoke kwenye makundi yote ambayo hawaniulizi?" Swali zuri. Nilimwambia toka kwenye ya harusi na matanga, hayo utupumzishe sote. Lakini yaliyobaki, kabla hujalalamika kwamba hawakuulizi, pitia majina ya mle ndani. Kuna mtu alikuwa akiandika sana mwaka jana na siku hizi kimya. Mwandikie yeye, si kwenye kundi mbele za watu, pembeni. Mwambie, "Nimekukosa, uko salama?" Akikujibu "niko poa," usiishie hapo, manake sote tunajua "niko poa" ni nini.

Dada mwingine akauliza kama kundi la dadangu bado lipo. Lipo. Yeye amerudi Kisauni sasa ni mwaka na zaidi, anauza mahamri na viazi karai, hana bosi wala kafili. Na kila usiku, akishaosha karai, anashika simu anatuma nukta yake. Nilimuuliza ya nini, wewe si uko kwenu? Akaniambia kuna msichana mpya ameingia wiki ile, yuko Dammam, bado analia. Akifungua kundi usiku akahesabu nukta akaona ni chache, ataogopa.